Yu Wapi Mkutubi wa Shule?

Miongoni mwa mambo ambayo mwanafunzi wa shule ya msingi nchini Kenya hukaririshwa katika somo la Kiswahili ni majina ya watu kwa mujibu wa kazi zao. Anayefua nguo za watu kwa malipo ni dobi. Anayetunza farasi ni saisi. Mfua dhahabu ni sonara. Anayehudumu maktabani ni mkutubi. Hadi mtihani wa KCPE ulipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, msamiati wa aina hii ulikuwa akiba ya kila mtahiniwa, na walimu walihakikisha kwamba umekaa kichwani. Mtoto wa Seme au wa Bunyore asipowahi kumwona saisi maishani mwake, hapana wa kulaumiwa, kwani farasi si mnyama wa sehemu hizo. Lakini mkutubi si saisi. Yeye alistahili kupatikana hatua chache tu kutoka mlangoni mwa darasa ambamo jina lake linakaririwa. Ajabu ni kwamba wengi wa watoto hao humaliza shule ya msingi, na baadhi yao humaliza hata ya upili, wakiwa wanalijua jina bila ya kumjua mwenye jina.

Suala linalozungumziwa hapa si maktaba. Kuhusu maktaba za shule yamesemwa mengi, na kila baada ya muda hupatikana mfadhili wa kukata utepe mbele ya chumba kipya kilichopakwa rangi. Kinachosahaulika ni mtu wa kukaa ndani ya chumba hicho. Kitabu, katibu, maktaba na mkutubi ni maneno ya ukoo mmoja. Yote yana asili katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuandika. Kati ya ndugu hao wanne, shule zimemkaribisha kitabu, zimemjengea maktaba mara moja moja, na katibu hakosekani katika chumba cha kando ya ofisi ya mwalimu mkuu. Aliyebaki nje ya lango ni huyu wa nne.

Maseno ni mahali panapofaa kulitazamia jambo hili. Wamisionari wa CMS walifungua shule hapo mwaka wa 1906, karibu kabisa na mstari wa ikweta, na katika Dholuo wale walioifuata elimu na dini hiyo mpya walikuja kuitwa josomo, yaani wasomaji. Neno somo lenyewe Dholuo ililipata kutoka Kiswahili. Kwa hivyo katika eneo hili kusoma kulibisha hodi kwa jina la Kiswahili tangu mwanzo, jambo ambalo wanafunzi wa isimu wangefanya vyema kulitafiti zaidi badala ya kurudia mifano ile ile ya ukopaji iliyomo vitabuni. Bethwell Ogot, mwanahistoria aliyefariki Januari 2025, alisomea hapo Maseno, na kabla yake Oginga Odinga. Baadaye Chuo cha Ualimu cha Siriba na taasisi jirani ya mafunzo ya serikali viliunganishwa na kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi mwanzoni mwa miaka ya 1990, kisha kikawa chuo kikuu kamili mwaka wa 2001. Kila mwaka walimu wa Kiswahili hutoka hapo na kutawanyika hadi Kombewa, Ahero, Bondo na Luanda. Hata hivyo, katika shule nyingi wanakokwenda, anayeulizia mkutubi huonyeshwa kijana wa kidato cha tatu mwenye beji ya kiranja.

Hali ya kawaida katika shule ya kutwa ya upili ni hii. Chumba kipo. Kilikuwa darasa, au ni nusu ya maabara, na pembeni kuna viti vilivyovunjika vikisubiri fundi. Vitabu vimepangwa kwa kimo, virefu nyuma na vifupi mbele. Ufunguo unakaa kwa mwalimu mmoja wa lugha ambaye aliteuliwa katika mkutano wa wafanyakazi asiokuwepo. Mwalimu huyo ana vipindi vyake vya kufundisha, ana insha za kusahihisha, ni mwalimu wa darasa, na huenda pia ni mlezi wa timu ya voliboli. Chumba hufunguliwa wakati wa chakula cha mchana siku anapopata nafasi. Asipopata, humwachia kiranja ufunguo, na kiranja naye ana njaa kama wenzake. Kwenye ratiba ukutani kumeandikwa kipindi cha maktaba, lakini kila mtu shuleni anajua kwamba kipindi hicho kilikwisha kunyakuliwa na Hisabati.

Si haki kumlaumu mwalimu huyo. Tatizo ni kwamba wajibu aliokabidhiwa si wa kusomesha vitabu, bali wa kuvilinda. Mwisho wa mwaka ukaguzi ukifanywa, ataulizwa viko vingapi. Hataulizwa vilisomwa na wangapi. Kitabu kisichoazimwa hakipotei, hakichaniki, wala hakilowi mvua ya jioni katika mkoba wa mtoto anayetembea kilomita kadhaa kurudi nyumbani. Mtu mwenye busara akipewa kazi yenye sheria za namna hiyo atafanya jambo moja tu: atafunga mlango. Wanafunzi nao hujifunza upesi. Wanajua kwamba kitabu kikipotea watakilipa, na kwamba siku ya kumaliza shule jina lao likiwa katika daftari la wadeni, safari ya kuchukua cheti itakuwa ndefu. Wengi huamua kwamba usalama uko katika kutoazima chochote. Kwa njia hii shule nzima, mwalimu na mwanafunzi, huafikiana bila kikao kwamba vitabu ni mali ya kuogopwa.

Mkutubi aliyefunzwa kazi yake huigeuza hesabu hiyo. Anajua kwamba vitabu kadhaa vitapotea kila mwaka na huliweka jambo hilo katika mpango wake, kama mwenye duka anavyojua kwamba nyanya kadhaa zitaoza. Anajua kushona mgongo wa kitabu kabla karatasi hazijaanza kutoka. Ana rejista inayoonyesha kipi kinatoka sana na kipi hakijaguswa tangu kiletwe. Rejista hiyo, ikisomwa vizuri, humweleza mwalimu mkuu mambo ambayo mitihani haimwambii. Jambo hili si geni wala halikuvumbuliwa jana. S. R. Ranganathan wa India alichapisha kanuni zake tano za ukutubi mwaka wa 1931, na ya kwanza kati ya hizo inahusu vitabu kutumiwa. Hakuanza na kuvihifadhi.

Mtu anaweza kudai kwamba tatizo la shule za Kenya lilikuwa uhaba wa vitabu, na kwamba hilo likitatuliwa mengine yatafuata. Dai hili lilikuwa na nguvu zamani. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza Januari 2003, serikali ilitenga shilingi 1,020 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu kubwa ya fedha hizo, shilingi 650, ilikwenda katika akaunti ya vitabu na vifaa vya kujifunzia. Kuanzia Januari 2018 utaratibu ulibadilishwa, serikali ikawa inanunua vitabu vya kiada na kuvipeleka moja kwa moja shuleni, lengo likiwa kila mwanafunzi awe na chake. Malori yalifika na makasha yakapakuliwa. Katika hatua zote hizo mbili, hakuna fungu lililotengwa kwa ajili ya mtu wa kuyafungua makasha, kuvisajili vitabu, kuvitia nambari na kuvipeleka mikononi mwa wasomaji. Vitabu viliongezeka na wanaovishughulikia wakabaki walewale. Ndiyo maana si ajabu leo kukuta katika stoo moja makasha ambayo hayajafunguliwa na, darasani hatua ishirini kutoka hapo, wanafunzi watatu wakichungulia kitabu kimoja.

Kwa Kiswahili madhara ni makubwa kuliko kwa masomo mengine, na hapa ndipo wanafunzi na wahadhiri wa lugha hii wanapopaswa kulitazama jambo hili kama lao. Mtoto wa Lamu au Mombasa huisikia lugha nyumbani, msikitini na barazani. Mtoto wa ufuo wa Dunga au wa vilima vya Maseno huzungumza Dholuo au Kinyore nyumbani, hukutana na Kiswahili cha sokoni Kibuye na Luanda, na Kiswahili sanifu hukipata kutoka vyanzo viwili tu vya kutegemewa: mwalimu na kitabu. Mwalimu ana dakika arubaini. Chanzo cha pili kikifungwa, mtoto hubakia na methali za kukariri kwa ajili ya insha na riwaya moja iliyoteuliwa na serikali.

Na hata hiyo riwaya moja haisomwi. Kila mwalimu wa fasihi analijua jambo hili ingawa aghalabu halizungumzwi makongamanoni. Mwanafunzi hununua mwongozo, hukariri maudhui, wahusika na tamathali, kisha huingia katika chumba cha mtihani akiwa hajapata kuijua ladha ya kitabu chenyewe. Wahakiki huwashutumu wachapishaji wa miongozo, na shutuma hizo zina msingi. Lakini mwongozo hustawi pale ambapo kusoma ni kazi ya mtihani pekee. Mtu ambaye hajawahi kusoma riwaya yoyote kwa hiari yake hana sababu ya kuamini kwamba riwaya teule inaweza kusomwa kwa namna nyingine isipokuwa kwa kufupishwa.

Chukua mwanafunzi aliyependa Siku Njema ya Ken Walibora, akafuatana na Kongowea Mswahili kutoka Tanga hadi Kenya katika kumtafuta babake. Ameimaliza siku mbili kabla ya wenzake na sasa anauliza, 'Je, kuna nyingine?' Swali hilo ndilo linaloamua kama shule imempata msomaji au imempoteza. Mwalimu hodari atalijibu akiwa na nafasi, kisha ataitwa katika mkutano. Kiranja wa maktaba hawezi kulijibu. Mkutubi anayeijua kazi yake, na anayemjua mtoto huyo, atampa Kidagaa Kimemwozea ya mwandishi yuleyule, au atamvusha hadi Zanzibar kwa Shafi Adam Shafi, akasome katika Kuli kuhusu maisha na mapambano ya wafanyakazi wa bandarini. Na mtoto wa Kisumu, mji uliokua kutokana na reli na bandari, hatakosa la kulinganisha. Baada ya mwezi mmoja atamuuliza alionaje. Kazi yote ni hiyo: kumjua mtu mmoja, kujua vitabu vingi, na kuviunganisha kwa wakati ufaao.

Mfano mwingine uko karibu zaidi. Ziwa Viktoria limeipa fasihi ya Kiswahili waandishi wawili kutoka kisiwa kimoja, Ukerewe. Aniceti Kitereza aliandika riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwanza kwa Kikerewe, akaikamilisha mwaka wa 1945, kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ilichapishwa Dar es Salaam mwaka wa 1980. Ndani yake mna kilimo, uvuvi, ndoa, utasa, ugonjwa na adabu za ukweni za watu wa ziwani, kwa utondoti ambao mtu wa Asembo au Rusinga angeutambua mara moja. Euphrase Kezilahabi, aliyefariki mwaka wa 2020, alizaliwa katika kisiwa hichohicho, na Rosa Mistika yake ya mwaka 1971 inaanzia huko. Ni maji yaleyale. Hata hivyo, mwanafunzi wa upande wa Kenya wa ziwa anaweza kusoma Kiswahili kwa miaka kumi na miwili akiamini kwamba fasihi yake yote ilitoka pwani ya Bahari ya Hindi na kwamba watu wa ziwa ni wageni humo. Hakuna silabasi itakayomwambia vinginevyo, kwa kuwa silabasi ina nafasi ya vitabu vitatu au vinne. Anayeweza kumwambia ni mtu aliyepewa rafu nzima.

Na rafu yenyewe ina siasa yake. Maktaba nyingi hufuata mpango wa Dewey uliotolewa nchini Marekani mwaka wa 1876. Katika mpango huo fasihi ya Kiingereza imepewa makumi yote kuanzia 820 hadi 829. Fasihi ya Kiswahili imesongamana nyuma ya nukta, kwenye 896.392, katika kijumba kimoja na lugha nyingine za Afrika. Asiyeelewa hufuata kibandiko na kukiweka kitabu cha Shaaban Robert mwisho kabisa wa ukuta, nyuma ya mlango, baada ya riwaya za Kiingereza zilizotolewa kama msaada na wafadhili ambao hawakuuliza watoto wanataka kusoma nini. Mkutubi mwenye akili anajua kwamba nambari ni ya kutafutia tu. Ataitoa rafu ya Kiswahili nyuma ya mlango na kuiweka mahali ambapo mtoto anayeingia ataiona kwanza. Hatua hiyo haigharimu chochote.

Pingamizi la simu na kompyuta halikosi kutajwa. Ni kweli kwamba tabuleti zilianza kugawiwa shule za msingi mwaka wa 2016, na kwamba simu zimeenea hadi vijijini. Lakini tabuleti hizo nazo katika shule nyingi ziliingia kabatini kwa sababu ileile iliyovifunga vitabu: mtu fulani aliambiwa azilinde. Zaidi ya hayo, Mtaala wa Umilisi, ambao wanafunzi wake wa kwanza waliingia sekondari msingi Januari 2023, unamtaka mwanafunzi atafute habari mwenyewe, azilinganishe na aziwasilishe. Anafundishwa na nani kutofautisha habari ya kuaminika na uvumi? Wazazi wengi wanaijua taabu ya kukimbia na mtoto hadi dukani jioni kwenda kuchapishiwa kurasa za intaneti ambazo hakuna aliyezisoma.

Pingamizi la fedha ni zito zaidi. Shule kubwa za bweni kwa kawaida huwa na wakutubi, na baadhi yao ni hodari sana. Aghalabu huajiriwa na bodi ya usimamizi kwa fedha za karo, pamoja na wapishi na walinzi, kwani Tume ya Huduma za Walimu huajiri walimu. Tangu masomo ya kutwa ya upili yalipogharimiwa na serikali mwaka wa 2008, bodi za shule za kutwa zina fedha chache mno za kuajiri mtu yeyote, na mkutubi huwa wa kwanza kuachwa. Katiba ya mwaka 2010 nayo ilizikabidhi maktaba za umma kwa serikali za kaunti katika Jedwali la Nne, huku shule za msingi na za upili zikibakia mikononi mwa serikali ya taifa. Maktaba ya shule imeangukia katikati. Kaunti inaweza kusema kwamba hiyo ni shule, na Wizara ikajibu kwamba hiyo ni maktaba. Wote wawili watakuwa wamesema kweli.

Wakutubi wenyewe hawakosekani. Shule ya Ukutubi ya Afrika Mashariki ilianza Makerere mwaka wa 1963, na Chuo Kikuu cha Moi kimekuwa kikifundisha taaluma za habari tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, sembuse vyuo vya kiwango cha cheti na diploma. Wahitimu wapo mijini wakitafuta kazi katika benki. Huduma ya Maktaba ya Taifa ilipoanza kuwapelekea wafugaji wa Garissa vitabu kwa ngamia mwaka wa 1996, haikuwaachia ngamia wajipeleke; ilimtuma mkutubi afuatane nao. Inashangaza kwamba kanuni iliyoeleweka jangwani haieleweki katika shule iliyo kando ya barabara ya lami ya Kisumu na Busia.

Afrika Kusini ina funzo la tahadhari. Septemba 2009 maelfu ya wanafunzi waliandamana mjini Cape Town katika kampeni iliyodai kila shule iwe na maktaba moja na mkutubi mmoja. Kanuni za miundombinu ya shule zilitolewa hatimaye Novemba 2013, na maktaba zikatajwa humo. Lakini kanuni za miundombinu huhusu majengo na vifaa. Jengo lina mahali pa kupigia picha, mshahara hauna.

Kwa muda huu ambao serikali mbili zinarushiana maktaba ya shule, zipo hatua ndogo zinazowezekana. Shule nne au tano za kutwa zilizo karibu zinaweza kuchangia mshahara wa mkutubi mmoja mwenye cheti, akazizungukia kwa siku maalumu. Kaunti zinaweza kuwaruhusu wakutubi wa maktaba za umma kutoka nje ya kuta zao mara moja kwa wiki. Hakuna sheria inayolikataza hilo. Nazo idara za Kiswahili zisijitoe lawamani. Zimeandaa makongamano mengi kuhusu Kiswahili na utandawazi, na machache sana, kama yapo, kuhusu nani anayekishika kitabu cha Kiswahili katika shule ya kutwa ya Seme. Fomu za kumtathmini mwanafunzi katika mazoezi ya kufundisha huuliza kuhusu maandalio ya somo, matumizi ya ubao na nidhamu ya darasa. Zingeweza kuuliza jambo moja zaidi: muhula huu, katika shule hii, ni vitabu vingapi vya Kiswahili visivyo vya kiada vilivyoazimwa, na nani aliyeviandika katika daftari vilipotoka?